Mtu Mkubwa Mbele ya Mtoto Mdogo

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita.)

Ndugu msikilizaji,

Jumapili iliyopita nilikwenda kumtembelea dada yangu. Nilimkuta bintiye wa miaka minne ameketi mkekani, simu ya mama yake mkononi, anatazama kipande cha zamani cha kipindi cha watoto cha Kimarekani kiitwacho Sesame Street. Nilipochungulia begani kwake nikaona uso ninaoufahamu vizuri. Alikuwa ni Kofi Annan, yule mzee wetu wa Ghana aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1997 hadi 2006, yumo katikati ya vikaragosi wenye manyoya.

"Unamjua huyo?" nikamwuliza mpwa wangu kwa majivuno, kana kwamba nilimlea mimi. "Huyo alikuwa mtu mkubwa sana duniani."

Mtoto akamtazama Kofi Annan, kisha akanitazama mimi. "Mbona si mrefu, mjomba?"

Nilicheka, lakini njiani nikirudi nyumbani swali lile halikunitoka kichwani. Mtoto yule hakuwa na utovu wa adabu. Kwake yeye mtu mkubwa ni mtu mrefu, au mtu mwenye tumbo, au pengine twiga. Habari za Katibu Mkuu, za Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2001, za vikao vya New York, zote hizo hazimhusu. Alichotaka kujua ni jambo moja tu: vikaragosi wale walikuwa wanagombana juu ya nani aimbe wimbo wa alfabeti, na yeye alikuwa anangoja kuona nani atashinda. Kofi Annan akawashauri waimbe wote pamoja. Mpwa wangu akaridhika, naye akaimba nao. Mtu yule akawa amefaulu mtihani wake, na mtihani wenyewe haukuwa na uhusiano wowote na jina lake.

Basi leo nataka tuzungumze habari ya watu mashuhuri wanapoalikwa katika vipindi vya televisheni vya watoto. Wanaingia pale kwa moyo gani? Kwa nini baadhi yao hupendeza na wengine huchosha? Na sisi wazazi, ambao ndio tunaolijua jina la mgeni, tunapaswa kutazama nini?

Tuanze na swali la kwanza kabisa. Ikiwa mtoto hajui jina la mtu, kwa nini basi watengenezaji wa vipindi wahangaike kuwaleta watu wenye majina?

Jibu lake tunalipata katika historia ya kipindi hicho hicho cha Sesame Street. Kilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 10 Novemba 1969. Aliyekiasisi pamoja na wenzake ni mama mmoja mtayarishaji wa vipindi vya televisheni aitwaye Joan Ganz Cooney. Nia yao ilikuwa kuwasaidia watoto wadogo, hasa wa familia maskini za mijini, wajue herufi, tarakimu na mambo mengine ya msingi kabla hawajaingia darasa la kwanza. Waliona kwamba watoto wa wenye nacho huanza shule wakiwa wamekwisha kusomewa vitabu nyumbani, na watoto wa wasio nacho huanza mbio wakiwa nyuma. Televisheni ilikuwamo karibu katika kila nyumba. Wakajiuliza, kwa nini sanduku hili linalowauzia watoto peremende lisiwafundishe pia kusoma?

Sasa waliokaa kupanga kipindi hawakuwa wasanii peke yao, walikuwamo pia wataalamu wa elimu na wa malezi. Jambo moja walilokuwa wakilijali ni kwamba mtoto hujifunza zaidi akitazama pamoja na mtu mzima anayezungumza naye juu ya yale wanayoyaona. Lakini utamfanyaje baba aliyetoka kazini amechoka, au dada wa miaka kumi na saba, akubali kuketi mbele ya kipindi cha watoto? Mwekee mtu ambaye yeye anamtaka. Mwekee mwimbaji anayempenda, mchezaji anayemshangilia, mwigizaji aliyemwona sinema. Kwa hiyo, msikilizaji, nyota katika kipindi cha watoto ni chambo, na samaki anayetafutwa kwa chambo hicho ni mzazi. Mtoto amekwisha kuketi zamani.

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi yenyewe. Mgeni ameletwa kwa sababu ya jina lake, lakini mbele ya yule anayetakiwa kumhudumia jina hilo halina thamani hata ya senti moja. Ni kama tajiri aliyeingia duka la kijijini na noti za nchi ya mbali. Fedha anayo, ila hapa haipokelewi. Itambidi atoe kitu kingine.

Kuna mmoja aliyeelewa jambo hili tangu mwanzo kabisa. Ni mwigizaji James Earl Jones, mtu mweusi wa Marekani mwenye sauti nzito kama ngoma kuu, aliyefariki dunia Septemba 2024 akiwa na umri wa miaka 93. Wengi wenu mnaijua sauti yake hata kama jina limewapita: ndiye aliyempa sauti Mufasa, babaye Simba, katika filamu ya vibonzo ya The Lion King ya mwaka 1994, ile iliyoyabeba maneno yetu ya Kiswahili kama simba na rafiki ikayazungusha dunia nzima. Jones alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza kabisa kujitokeza katika Sesame Street. Alifanya nini? Alisimama mbele ya kamera, kichwa amekinyoa, macho ameyakaza, akataja alfabeti kutoka A hadi Z. Hakuimba, hakuruka, hakuvaa pua nyekundu. Alitaja herufi moja, akanyamaza kidogo, akataja nyingine, akanyamaza tena, na kila herufi ilikuwa inajitokeza kwenye kioo kabla yeye hajaitamka.

Mtu mzima akitazama anaweza kusema, "Mbona anachelewa hivi?" Lakini watafiti waliowatazama watoto wakati wanamtazama Jones waliona jambo la ajabu. Mara ya kwanza mtoto alitaja herufi pamoja naye au baada yake. Kipande kiliporudiwa, mtoto aliiona herufi imejitokeza, akaitaja kabla Jones hajafungua mdomo. Kiliporudiwa zaidi, mtoto aliitaja hata kabla haijajitokeza. Ule ukimya mfupi wa Jones ulikuwa ni nafasi aliyomwachia mtoto. Waalimu wakajifunza kitu, na jambo hilo likapewa jina lake mwigizaji.

Naomba tulishike jambo hilo, maana ndilo kiini cha mazungumzo ya leo. Mtu mwenye sauti ile angeweza kuijaza dakika nzima kwa sauti yake. Alichotoa yeye ni ukimya. Alimpisha mtoto.

Nikifikiri juu ya wageni mashuhuri niliowaona katika vipindi vya namna hii, naona wamegawanyika katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la wale wanaokuja kutazamwa. Mtu wa namna hii anaingia na tabasamu lake la kwenye magazeti, anapunga mkono, anataja filamu yake mpya au santuri yake mpya, macho yake yako kwa kamera wala si kwa mtoto aliye mbele yake. Ukimtazama vizuri unaona anahesabu dakika. Huyu amekuja kuzungumza na mzazi juu ya kichwa cha mtoto, na mtoto hulitambua jambo hilo upesi. Hatasema kitu, bali atainuka aende kuchezea kifuniko cha chupa.

Fungu la pili ni la wale wanaokuja kujifanya watoto. Hawa nia yao si mbaya, ila wamekosea njia. Wanabana sauti, wanachekacheka bila sababu, wanauliza maswali ya kipuuzi na kushangilia majibu yasiyostahili kushangiliwa. Wamedhani kuwa mtoto ni mtu mzima aliyepungukiwa akili. Lakini mtoto si mjinga, ila hana habari tu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mtu ambaye hana habari unampa habari, humkonyezi wala humbembelezi.

Fungu la tatu ni la wale wanaokuja kufanya kazi. Hao huja na kile kile wanachokijua, wakakifanya mbele ya mtoto kwa ukamilifu ule ule wanaoufanya mbele ya watu wazima, halafu wakamwachia mtoto nafasi ya kuingia.

Katika Sesame Street kuna kipimo kimoja kizuri cha kumtambua mgeni ni wa fungu gani, nacho ni vikaragosi wenyewe. Kikaragosi kama Elmo huchezeshwa na mtu aliyejificha chini, mkono ameuinua juu ya kichwa, huku akitazama televisheni ndogo iliyowekwa karibu naye aone kazi yake inavyotokea. Mgeni anayesimama pale anamwona mtu yule vizuri kabisa. Anajua kwamba Elmo ni kitambaa. Sasa amtazame nani akizungumza? Mtoto akiletwa studioni hapati shida hiyo. Anamwona mtu chini, anamwona Elmo juu, na bado anazungumza na Elmo, anamshika mkono, anampa siri zake. Mgeni mwenye majivuno hawezi. Anaona haya, anahofia kuonekana mpumbavu, basi anacheka pembeni kidogo, kama anayetuambia sisi wazazi, "Mimi na ninyi tunajua huu ni upuuzi." Lakini mgeni wa fungu la tatu humtazama Elmo machoni.

Nitoe mifano miwili ya wanamuziki.

Mwaka 1973 Stevie Wonder, mwimbaji asiyeona ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 22, alialikwa Sesame Street pamoja na bendi yake kamili. Angeweza kuimba wimbo mwepesi wa kuchezea watoto, akalipwa na kwenda zake. Badala yake alipiga wimbo wake Superstition, na hakuupunguza hata kidogo. Ngoma zilikuwa zile zile, tarumbeta zile zile, jasho lile lile ambalo watu wazima walilipa viingilio kwenda kulitazama. Watoto walikuwa wametapakaa kwenye ngazi za ile barabara ya kuigiza, wanacheza kila mmoja kwa namna yake, wengine wakitikisa vichwa mpaka unaogopa shingo zitakatika. Katika ziara hiyo pia alimfundisha kikaragosi Grover tofauti ya sauti ya juu na sauti ya chini. Alifanya yote mawili kwa bidii moja. Kwa Stevie Wonder hapakuwa na muziki wa wakubwa na muziki wa wadogo, palikuwa na muziki tu.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1977. Paul Simon, mtunzi ambaye nyimbo zake zilikuwa zimekwisha kuvuma duniani, aliketi kwenye ngazi zile zile na gitaa lake, watoto wamemzunguka. Akaanza wimbo wake. Basi msichana mmoja mdogo aliyeketi karibu naye akashikwa na furaha, akaanza kuimba maneno yake mwenyewe, aliyoyatunga pale pale, tena kwa sauti ya kuufunika wimbo wa mwenye wimbo. Tazama mtihani huo, msikilizaji! Mtu amelitunga shairi lake, amelipanga neno kwa neno, kisha anatokea mtoto anamwingilia mbele ya kamera. Simon hakumnyamazisha. Alicheka, wakaendelea pamoja. Leo watu wanaokitazama kipande kile hawamtazami Simon, wanamtazama mtoto. Na hiyo ndiyo sifa kubwa ya Simon siku ile, kwamba alikubali kufunikwa.

Naam, lakini usidhani kwamba mtoto ni wa kucheza na kuimba tu. Wakati mwingine mtoto humtia mtu mkubwa katika kona ambayo mwandishi wa habari angeiogopa. Huko Uingereza, shirika la BBC lilikuwa na kipindi cha watoto cha Jumamosi asubuhi kiitwacho Saturday Superstore. Mwaka 1987, ambao ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu, Waziri Mkuu Margaret Thatcher alikubali kuja katika kipindi hicho, akaketi na kutoa maoni yake juu ya video za muziki wa vijana, na pia kujibu simu za watoto. Kila mtu mzima alifahamu kwa nini amekuja. Wanasiasa hawapotezi Jumamosi bure. Lakini msichana mmoja akapiga simu akamwuliza, ikitokea vita ya nyuklia, yeye Waziri Mkuu atakuwa wapi?

Tafakari uzito wa swali hilo. Mtoto hakuuliza sera, wala idadi ya makombora, wala mkataba. Aliuliza kama mtoto anavyouliza nyumba ikiungua: sisi tutakuwa hapa, je, wewe utakuwa wapi? Mgeni aliyekuja kuonekana mtu wa watu akajikuta mbele ya swali lililo zito kuliko mengi ya Bungeni. Ndiyo maana nasema kwamba anayeingia katika kipindi cha watoto akidhani amekwenda kupumzika, hajui alikoingia.

Upande wa pili, kuna kitu ambacho mtu mashuhuri anaweza kumpa mtoto, na ambacho mwalimu au mzazi hawezi kumpa kwa urahisi. Mwaka 2014 Lupita Nyong'o, binti wa Kenya aliyekuwa amepata tuzo ya Oscar mwaka huo huo, alikwenda Sesame Street kuzungumza na Elmo juu ya ngozi. Walizungumza mambo mepesi kabisa: kwamba ngozi ni ya ajabu, na kwamba huja katika rangi nyingi, zote nzuri. Mama yeyote wa Kisumu au Kigoma angeweza kumwambia binti yake maneno hayo. Lakini mtoto mweusi aliyekwisha kuambiwa shuleni kwamba ni mweusi mno, au aliyeona dukani makopo ya dawa za kujichubua, anahitaji pia kuyaona maneno hayo yamevaa uso. Lupita alikuja na uso wake. Na kwamba jambo lile halikuwa maonyesho ya siku moja tunalijua kwa sababu mwaka 2019 alitoa kitabu cha watoto, Sulwe, juu ya msichana mwenye ngozi nyeusi kuliko wote wa nyumbani kwao.

Hapa kwetu pia kipindi hicho kiliwahi kutengenezewa toleo la Kiswahili kwa ajili ya watoto wa Tanzania, likaitwa Kilimani Sesame, na miongoni mwa mambo lililofundisha ni kujikinga na malaria. Kwa hiyo haya ninayoyasema si hadithi za ng'ambo tu. Watoto wetu wanawatazama watu hawa, wa kwao na wa kwetu, kila siku.

Ndugu msikilizaji, hadi sasa nimezungumza mambo ya kufurahisha. Sasa sina budi kugusa jambo chungu, kwa sababu tukiliacha tutakuwa tumesema nusu ya kweli.

Kuanzia mwaka 1975 hadi 1994 televisheni ya BBC ilionyesha kipindi kiitwacho Jim'll Fix It. Mwendeshaji wake alikuwa Jimmy Savile, mtu wa nywele nyeupe na biri kubwa. Watoto walimwandikia barua kueleza ndoto zao, naye akazitimiza mbele ya kamera. Uingereza nzima ilimjua. Alichangisha fedha nyingi za hisani, alitembelea hospitali, alipewa na Malkia heshima ya kuitwa Sir. Alikufa mwaka 2011, akazikwa kwa sifa. Mwaka uliofuata ukweli ukafumuka, kwamba kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa akiwadhulumu kijinsia watoto na watu wazima. Uchunguzi ulioongozwa na jaji mstaafu Janet Smith, ambao taarifa yake ilitolewa mwaka 2016, ulikuta watu 72 waliodhulumiwa naye katika mambo yanayohusiana na kazi yake ya BBC peke yake.

Swali linalouma ni hili: ilikuwaje? Taarifa ile ilieleza kwamba wapo wafanyakazi waliosikia au waliolalamikiwa, lakini habari hazikupandishwa juu. Watu waliogopa. Mtu aliyeitwa nyota hakuguswa, kwa sababu yeye ndiye aliyeleta watazamaji, na mfanyakazi mdogo aliona kuwa akisema, atakayeondoka ni yeye.

Sasa rudi kwa mpwa wangu na swali lake. Mtoto hakumwona Kofi Annan kuwa ni mkubwa, kwa sababu mtoto haoni jina. Anayeliona jina ni nani? Ni sisi. Kwa Savile waliopofushwa na jina hawakuwa watoto, walikuwa watu wazima waliokabidhiwa watoto. Jina likawa ndilo cheti, ndilo mlinzi wa mlangoni, ndilo jibu la kila wasiwasi. Hata leo, msikilizaji, tazama katika sherehe zetu. Anapofika mwanamuziki au mchezaji, mzazi humsukuma mwanawe mbele: "Nenda ukapige picha na anko! Usiogope!" Mtoto anarudi nyuma, anajificha kwenye kanga ya mama, nasi tunamcheka, au tunamkaripia kwamba anatuaibisha. Pengine ni haya tu za mtoto. Lakini kule kurudi nyuma ni haki yake. Mtoto hawiwi kitu na mtu yeyote kwa sababu mtu huyo ni maarufu, na mtu maarufu mwenye heshima hataona vibaya akiambiwa hivyo.

Sitaki tumalizie hapo penye giza, maana si haki kwa wale wengi wanaofanya kazi hii kwa moyo safi. Nitasimulia habari ya mmoja wao.

BBC hiyo hiyo ina idhaa ya watoto wadogo iitwayo CBeebies, na kila jioni, kabla watoto hawajalala, mtu mmoja huketi akawasomea hadithi. Wengi wameketi katika kiti hicho: mwigizaji wa filamu za ngumi na risasi Tom Hardy alisoma mwaka 2016, na Catherine, mke wa Mwanamfalme William, mwaka 2022. Septemba 2018 aliyeketi alikuwa Rob Delaney, mchekeshaji wa Kimarekani aishiye London. Delaney hakusimulia kwa mdomo peke yake. Alisimulia hadithi nzima kwa mikono pia, kwa ishara ziitwazo Makaton, ambazo hutumiwa na watoto wenye shida ya kusema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kipindi hicho kusimuliwa chote kwa ishara hizo.

Alizijulia wapi? Mwanawe mdogo alipata uvimbe katika ubongo. Matibabu yalilazimu atobolewe koo apate kupumua, kwa hiyo hakuweza kusema. Familia nzima ikajifunza Makaton ili izungumze naye. Januari 2018 mtoto akafariki dunia, hajafikisha miaka mitatu. Miezi minane baadaye baba yake akaonekana mbele ya watoto wa nchi nzima, akiwasimulia watoto wengine kwa lugha aliyofundishwa na ugonjwa wa mwanawe. Watoto waliomtazama hawakujua lolote kati ya hayo. Waliona tu mtu mwenye ndevu anasimulia kwa mikono yake, na miongoni mwao wamo ambao kwa mara ya kwanza waliona televisheni inasema kama wao wanavyosema.

Huyo, ndugu zangu, hakuleta jina lake. Alileta alichokuwa nacho.

Basi nihitimishe. Kwa wanaotengeneza vipindi vya watoto hapa kwetu, nao wanaongezeka, nasema: mwiteni mwanamuziki, mwiteni mchezaji wa mpira, mwiteni hata waziri. Lakini kabla hamjawasha kamera mwulizeni, "Umekuja na kitu gani cha kumpa mtoto?" Akijibu kwamba amekuja kusalimia tu, mpeni chai. Na aje nani, awe na jina gani, asiachwe peke yake na mtoto wa mtu. Utaratibu huo uwe kwa wote, ili asiwepo wa kuona kwamba ameshukiwa yeye.

Kwa wazazi nasema: ketini. Kumbukeni kwamba nyota yule ameletwa kwa ajili yenu, muwepo hapo karibu na mtoto. Akionyesha kitu, mwulize mwanao ameona nini. Na mtoto akiinuka katikati ya kipindi, akaenda zake, usimlazimishe kurudi kwa sababu eti aliyemo ni mtu mkubwa. Huenda yeye amekwisha kumpima, akamwona ni mfupi.

Mpwa wangu, kwa taarifa yenu, alikitazama kile kipande cha Kofi Annan mara tatu siku ile. Mara ya tatu alinivuta shati akaniambia, "Mjomba, na wewe imba." Sikuwa na jina la kujitetea nalo. Nikaimba.

Hadi juma lijalo, kwaherini.